Alama Inayohama

Nchiru,
11 Februari 2024

Kwako shangazi yangu, Tata Veronicah,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi ya asubuhi na vumbi la mchana. Mimi ni mzima. Natumaini masikio hayakusumbui sana. Baba aliniambia umekataa simu kabisa na sasa mtu akikutaka akuandikie. Nimefurahi, maana kwenye simu unanijibu maswali ambayo sijakuuliza.

Ndengu ulizonifungia Krismasi zilifika salama. Nusu nilimpa Sahra, mwenye hoteli iliyo chini ya chumba changu. Ni mtu wa Maua, kwao ni wasafirishaji, lakini yeye aliamua kupikia wanafunzi. Anasema ndengu za huko kwetu hazina mfano na anakusalimia bila kukujua.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Ile karatasi uliyonipa nikitoka ulinipa kama mtu anayetoa gazeti la kufungia nyama. Nilifikiri ni ramani ya kazini, namba za mashamba na mipaka. Nilipoikunjua hapa nilikaa kitandani hadi chai ikapoa. Tata, ulianza lini kuchora hivi? Ni Siakago yetu, mto ni ule, kilima cha Kiang'ombe ni kile, lakini umejaza alama ambazo sijawahi kuziona popote. Nimehesabu thelathini na nane. Chache nimezikisia. Ile ya vijiti vitatu vilivyoegemeana, je, ni mahali mama zetu walipokuwa wakitua kuni? Na ile kama meno, si ni mbwa wa kwa Mbaka?

Mimi ndiye ninayejiita mchoraji, lakini sijawahi kuchora kitu ambacho mtu akikiona atasema hiki ni cha Wamuyu. Hicho chako kila inchi ni chako.

Kuna moja siielewi. Duara dogo lisilofungika, na nukta moja nje, karibu na mwanya. Kwenye karatasi yangu liko mtoni. Kwenye ile iliyokuwa mezani kwako lilikuwa mlimani. Kwenye ile uliyofunikia sinia lilikuwa sokoni. Ni kitu gani hicho kinachohama?

Mwana wa ndugu yako,
Wamuyu


Siakago,
3 Machi 2024

Wamuyu wetu,

Barua yako ilifika ikiwa imekunjwa mara nne. Karatasi hukunjwa mara mbili, au huviringishwa.

Huku tuko salama. Mvua bado. Baba yako amenunua beberu ambaye hakuna ua unaomzuia, na kila asubuhi ndugu yangu Njiru anamfuata hadi kwa majirani akiomba radhi. Teresia wa hapa jirani anakusalimu. Binti yake atahitimu hapo chuoni Agosti na anauliza joho lenu huwa la rangi gani, kwa kuwa wewe ulilivaa. Nijibu nimwambie.

Sikuanza leo. Nilianza wiki niliyostaafu. Miaka thelathini na mmoja nilichora ramani za ofisi, na ofisi ilikuwa na alama zake: kisima, kanisa, josho la ng'ombe, njia ya miguu. Nilizichora hata usingizini. Nilipokaa nyumbani nikataka kuchora hapa kwetu kwa ajili yangu mwenyewe, nikagundua mambo niliyoyataka hayana alama. Nani alikuwa na alama ya nyumba ambayo ukipita unapewa maji kabla hujaomba? Ya udongo unaoteleza hata bila mvua? Ya mahali ambapo niliangukia nikiwa na ndoo, wanaume wakacheka, na mpaka leo nikifika hapo nakaza mwendo? Basi nikazitengeneza.

Umekisia vizuri kuhusu kuni. Meno si mbwa wa kwa Mbaka, ni Mbaka mwenyewe.

Unasema huna kitu chako. Mkono wako ninaujua tangu ukichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Nilimkataza mama yako kuufuta. Sijui kama uliambiwa.

Ile ya duara iache.

Tata Veronicah


Nchiru,
21 Aprili 2024

Kwako Tata,

Salamu. Mvua imetufikia hatimaye, na barabara ya kwenda chuoni imekuwa uji. Nilikuwa na homa kidogo lakini imeisha. Msalimie baba na beberu wake. Nimeviringisha karatasi, umeona?

Sikuambiwa kuhusu ule ukuta wa jikoni. Asante kwa kunieleza.

Mwezi uliopita nilipeleka picha nne kwenye maonyesho Meru mjini. Mwanamke mmoja mgeni, mtu anayezijua picha, alisimama mbele ya picha zangu muda mrefu mpaka nikaanza kutabasamu. Akasema, "Una mkono mzuri sana." Kisha akasema, "Lakini hizi angeweza kuzichora mtu yeyote mwenye mkono mzuri." Hakusema kwa ubaya. Nilizitazama upya, Tata, nikamwona twiga, na jua jekundu, na mwanamke mwenye mtungi. Mimi sijawahi kumwona twiga. Sijawahi kubeba mtungi. Nimebeba jerikeni.

Mchana mimi ni fundi wa mabango. "Vyumba Vipo", "Kinyozi", "Tunatengeneza Simu". Herufi zangu zimenyooka, watu hunitafuta. Lakini herufi nazo ni za wote.

Sasa Sahra anataka nimchoree ukuta mzima wa ndani ya hoteli. Nilimuuliza anataka nini, maua, mandhari, chakula? Akaniangalia kama mjinga. "Maua yako kwa kila mtu," akasema. "Nataka mtu akiingia ajue hajaingia kwingine." Amenipa hadi mwisho wa Juni. Nimesimama mbele ya ukuta huo siku sita na penseli mkononi, na kila ninachoanza nimekiona mahali.

Niambie ulifanyaje. Ulizipata wapi?

Wamuyu


Siakago,
19 Mei 2024

Wamuyu wetu,

Tumepata mvua ya kutosha, kunde zimesimama vizuri. Beberu alikamatwa kanisani siku ya Jumapili, na baba yako alikuwa ndiye anayesoma somo. Hakukatisha. Alisoma hadi mwisho huku watu wakimfukuza mnyama wake kati ya viti. Wote tuko wazima. Teresia bado anauliza rangi ya joho.

Umeniuliza nilizipata wapi. Nilitembea. Nilitoka asubuhi na daftari na kila mahali mwili wangu ulipofanya kitu bila kuambiwa, nilisimama. Mahali nilipokaza mwendo. Mahali nilipoinamisha kichwa ingawa hakuna tawi tena, mti ulikatwa zamani. Mwili unajua mambo ambayo hukuwahi kumwambia mtu. Nikasema, hapa panahitaji alama.

Kisha inakuja kazi, na hii ni kazi kama ya ofisini. Alama ichoreke upesi. Ukiipunguza iwe ndogo kama punje ya mtama bado isomeke. Isifanane na jirani yake. Nilitengeneza zaidi ya sitini, nikazitupa nyingi, na zile nilizozitupa karibu zote zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri tu, hazikusema kitu. Zilizobaki nyingine ni mbaya kabisa, ile ya Mbaka ni mbaya, lakini siwezi kuibadilisha, yeye ndivyo alivyo.

Ukishapata kumi zijaribu zikikaa pamoja. Nyumba ya maji karibu na udongo wa kuteleza ni habari. Ukiiweka karibu na Mbaka ni habari nyingine.

Usianze na ukuta. Ukuta ni mkubwa mno kwa mtu ambaye hajajua anasema nini. Anza na kitu ambacho ungeona aibu kunieleza.

Tata Veronicah


Nchiru,
30 Juni 2024

Kwako Tata,

Salamu nyingi. Nina haraka, nina mabango matatu ya hosteli mpya na mwenyewe ananiita kila saa.

Ukuta umekwisha! Sahra amefurahi, amewaita ndugu zake kutoka Maua waje waone. Wanafunzi wanapiga picha hapo mchana kutwa, na wenye hoteli wawili wameniuliza kama ninaweza kuwafanyia kama huo. Nilifuata maneno yako mengi. Siku moja nitakuonyesha picha.

Msalimie baba. Ile homa haijarudi.

Wamuyu


Siakago,
18 Agosti 2024

Wamuyu,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima.

Teresia amerudi kutoka kwenye mahafali ya binti yake. Alikula chakula cha mchana hapo kwenye hoteli ya rafiki yako, na akapigwa picha akiwa ameketi mbele ya ukuta wako. Alinionyesha kwenye simu. Alikuwa amefurahi sana.

Nyuma ya kichwa chake nilihesabu duara lile mara ishirini na saba. Picha haikuonyesha ukuta wote.

Julai mwaka wa 1985 nilizaa mtoto wa kike hapa nyumbani kwa mama yangu, nikiwa likizoni. Aliishi siku kumi na moja. Watu waliambiwa nilikuwa na malaria, nami nikarudi kazini nikachora ramani. Babake simtaji, wala usiniulize. Baba yako hajui. Bibi yako alijua, naye amekwenda na siri hiyo.

Duara ni mimi. Mwanya ni pale alipotokea. Nukta ni yeye. Kila ninapochora hapa kwetu namweka mahali ambapo angekuwa siku hiyo. Hata kabla sijaanza kumchora nilimwona moyoni: akiwa na miaka kumi alikuwa akiteka maji. Sasa ni mtu mzima, yuko sokoni, yuko mlimani akikata nyasi, ana shughuli zake.

Mimi nilikuwa na mmoja. Wewe umemfanya pambo.

Veronicah


Nchiru,
26 Agosti 2024

Tata yangu,

Sijui nianze na salamu gani.

Barua yako niliisoma nikiwa juu ya ngazi. Niliteremka nikaenda moja kwa moja kwa Sahra nikamwambia ukuta ule lazima ufutwe leo. Akasema, "Umelewa majani ya muguka?" Nikamwambia ile alama si yangu, nimeiiba, na ni mtoto wa mtu. Akawatoa wateja wote, hata waliokuwa hawajamaliza wali, akafunga mlango. Nilipaka rangi nyeupe mara mbili. Sahra alishika rola ya pili. Kufikia magharibi hakukuwa na kitu.

Ukweli ni kwamba nilikaa hadi wiki ya mwisho ya Juni bila chochote. Uliniambia nianze na kitu cha aibu, nikakaa nacho, nikashindwa kukitazama. Karatasi yako ilikuwa hapo juu ya kitanda. Nilichagua alama hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na kwa sababu ulikataa kunieleza. Nilijiambia kwamba ikiwa haina maana yoyote ninayoijua, basi naweza kuitumia. Nilijua ninadanganya. Ndiyo maana barua yangu ya Juni ilikuwa fupi.

Wamefutika wote, Tata. Hakuna hata mmoja aliyebaki. Hilo tu ndilo niliweza kufanya upesi.

Nisamehe ukiweza.

Wamuyu


Siakago,
25 Agosti 2024

Wamuyu mwanangu,

Naandika tena kabla hujajibu, kwa sababu barua niliyokutumia niliiandika siku ileile nilipoona picha, na mtu hapaswi kuandika siku ileile.

Nilimwomba Teresia aniachie simu usiku mmoja. Niliitazama kwa kioo changu cha kukuzia, kile cha kazini. Kwanza niliutazama mkono wako. Nimefanya kazi na wachoraji wengi, wanaume walionifundisha na wanawake niliowafundisha, na sijaona mtu anayeweza kuzungusha duara kwa brashi kwenye ukuta usio sawa na kuliacha wazi kwa kipimo kilekile, mara ishirini na saba. Mimi nalichora kwa kalamu kwenye meza na bado linanishinda. Kilichoniuma ni kuona mkono kama huo ukiazima.

Kisha nikatazama mambo mengine. Kuna vijana wanakula chapati. Kuna msichana anacheka amefunika mdomo. Kuna mtu amemwaga chai. Na yeye yuko hapo kati yao, kila mahali. Wamuyu, sijawahi kumweka mahali penye kelele. Kila siku nilimweka peke yake, mtoni, mlimani, hata sokoni nilimweka pembeni. Miaka yote hii sikuwahi kumpa rafiki.

Basi usiufute ukuta. Mwache hapo na watu. Hilo ndilo ninalokuomba.

Mpe salamu mwenye hoteli.

Tata Veronicah


Nchiru,
5 Septemba 2024

Kwako Tata,

Barua yako ya tarehe 25 imenifikia leo. Ilikaa Embu kwenye ofisi ya vifurushi, chini ya gunia la mtu. Kwa hiyo umeshapata yangu, na unajua nilichofanya.

Nimeisoma mara nyingi na kila nikifika "usiufute ukuta" naikunja upya. Nilimchukua bila kukuuliza, kisha nikamfuta bila kukuuliza. Mara zote mbili nilikimbia.

Naweza kumrudisha. Mkono unamkumbuka. Ningeweza kuwarudisha wote ishirini na saba na wale ambao hukuwaona. Lakini safari hii nauliza kwanza.

Sahra hajanifukuza. Anasema wateja sasa wanakula kimya kama watu waliolazwa hospitali. Anasema atangoja.

Wamuyu


Siakago,
29 Septemba 2024

Wamuyu mwanangu,

Tu wazima wote. Beberu ameuzwa. Baba yako anadai hana huzuni lakini bado anaamka saa ileile na kwenda kusimama kwenye ua.

Nilipopata barua yako kwamba amefutika nilikwenda shambani nikapalilia mistari minne bila kujua ninapalilia nini. Jioni nilikasirika. Siku ya tatu nilicheka kidogo, nakuambia ukweli, kwa sababu nilikuona na rola, na yule mama wa watu na rola yake, na wateja nje na sahani zao. Hukuenda kuuliza kama kuna faida au hasara. Ulifuta. Kuna watu ambao wangenitumia barua ndefu ya pole na kuuacha ukuta.

Usimrudishe. Si kwa hasira nasema. Alikuja hapo kwa bahati mbaya, akakaa na watu miezi miwili, nimemwona kwa macho yangu. Inatosha.

Lakini ukuta wa watu usibaki mweupe. Sasa una mahali, una mkono, na una mtu anayekungoja, ambavyo mimi sikuwa navyo nilipoanza. Hujanijibu kuhusu joho, na nimekuuliza mara mbili kwa niaba ya mtu mwingine. Sikuulizi ya tatu. Binti ya Teresia alivaa la kwake, Teresia hahitaji tena jibu. Nafikiri ni wewe unayelihitaji.

Tata Veronicah


Nchiru,
1 Desemba 2024

Kwako Tata mpendwa,

Salamu. Tumekuwa na mvua ya wiki tatu na nguo hazikauki. Sahra amepata wajukuu mapacha, Ayanle na Samsam, hoteli nzima ilikula bure siku hiyo. Nakuja nyumbani tarehe 22. Usimwambie baba, nataka kumwambia mambo mwenyewe kabla hajaanza kunichinjia kuku.

Sikuhitimu, Tata. Mwaka wa tatu nilikosa mitihani mara mbili kwa sababu ya mabango, kisha nikaona aibu kurudi. Siku wenzangu walipovaa majoho nilijifungia chumbani. Uwanja uko karibu, bendi ilikuwa inapiga, nikajaza masikio pamba na bado nilihisi ngoma kwenye ukuta kwa kiganja. Baba aliniuliza kwa nini hakualikwa. Nikamwambia walizuia wageni, na tangu hapo yeye huwaambia watu kwamba mimi ni mwalimu. Ni miaka kumi na mmoja sasa.

Nilitembea kama ulivyosema. Nilifika kwenye lango la uwanja ule na miguu yangu ikavuka barabara yenyewe. Nikasimama. Ndiyo ya kwanza: mawimbi matatu yanayotoka kushoto, mstari wima unaoyakata, na kulia hakuna kitu. Nilikaa nayo wiki mbili nikiitoa mapambo. Mwanzoni ilikuwa na kitasa cha mlango. Kitasa kilikuwa kizuri, nikakitupa.

Baada ya hiyo nyingine zilikuja. Ngazi inayotikisika upande mmoja, na jinsi unavyojifunza kuegemea ule mwingine. Mama wa kibanda anayeongeza andazi moja bila kusema. Jina la mtu unalolifuta kwenye bango kwa sababu biashara yake imekufa, na bado linaonekana chini ya rangi mpya. Foleni ya jerikeni, ambapo kila mtu yuko kwingine na jerikeni ndiyo inayosimama kwa niaba yake. Zimefika kumi na tisa. Nimezitupa thelathini hivi.

Ukuta nimeuanza na niko nusu. Sahra aliangalia ile ya kwanza muda mrefu akasema, "Huyu hatoki." Sikuwa nimemwambia chochote.

Mtoto wako sikumchora. Kuna nafasi niliyoiacha tupu karibu na dirisha. Njoo Januari uone, brashi iko.

Wamuyu


Siakago,
19 Januari 2025

Wamuyu mwanangu,

Nimefika salama. Mwili unauma kwa safari lakini chakula cha Sahra kilinitengeneza, na mwambie sikio langu bado linalia kwa namna alivyonipigia kelele, "Mama, chai ya pili?"

Wewe ulikuwa nje ukimsaidia kushusha mifuko ya unga, hukuniona nikiutazama ukuta. Naona nikueleze. Nilianza kushoto kama mtu anayesoma. Kwenye alama ya ngazi nilijikuta nimeegemea upande na kiti kikalia. Kwenye maandazi nilitabasamu. Kijana mmoja aliyekuwa meza hiyo aliniuliza kama bibi yake, "Shosho, hizi ni nini?" Nikamuuliza yeye anaona nini. Akaonyesha yale mawimbi na mstari. Akasema, "Hii ni mimi semista iliyopita." Akarudi kwenye wali wake. Wamuyu, mtoto huyo hakujui. Ramani zangu mimi wanaweza kuzisoma watu wa kwetu tu, tena nikiwaelekeza. Wewe umeandika aibu yako mwenyewe na mtu wa mbali amejisoma. Sikujua jambo hilo linawezekana. Nina miaka sitini na sita na nimefundishwa na mtoto niliyemfuta kamasi.

Uliponipa brashi nikaikataa uliogopa, niliona usoni. Nikakuambia kweli: siku hiyo mwanangu hakuwa Nchiru. Ilikuwa siku ya soko Siakago, alikuwa na kazi. Jaza ile nafasi na kitu chako. Karibu na dirisha mwanga ni mzuri, usiupoteze.

Baba yako bado hajasema neno juu ya joho. Tangu ulipomwambia Krismasi amekuwa akitengeneza ua ambao hauna mbuzi. Lakini juzi nilikuwa naye dukani akinunua misumari, mwenye duka akamuuliza habari za binti yake mwalimu. Njiru akasema, "Si mwalimu. Ni mchoraji. Ana ukuta huko Meru, dada yangu ameuona." Akalipa akatoka bila misumari, nikamfuata nayo.

Nami nilipofika nyumbani nilimwita Teresia jikoni nikafunga mlango, nikamwambia. Niliongea nikitazama sufuria. Nilipomaliza alikuwa amenishika mkono. Akasema, "Veronicah, mimi ndiye niliyeleta uji wiki ile. Mama yako aliupokelea mlangoni na hakunikaribisha, na ndani nilisikia mtoto. Nimekungoja uniambie." Kisha akauliza anaitwa nani.

Nikamwambia anaitwa Rwamba.

Teresia akahesabu kwa vidole, akapotea, akahesabu tena. Akasema Julai atatimiza arobaini na haiwezekani mtu afikishe arobaini bila hata chai. Amekwisha chagua Jumapili. Atapika chapati yeye, baba yako, nitakayemwambia mwenyewe kabla ya siku hiyo, atachinja kitu atakachokipata, na mwambie Sahra naye aje na wale mapacha. Ninyi wote mje mapema, kabla ya jua kuwa kali.

Tata Veronicah